Helmeti Inayopumua: Nimeishika, Nimeivaa, Nimepagawa

Jamani, nimeivaa! Schutt F7, helmeti ya futiboli ya Kimarekani iliyoingia sokoni 2017, na mimi ndiyo kwanza naitia mikononi. Nimeivaa Agosti hii hapa Georgia, ndani ya chumba cha vifaa cha shule ya sekondari, chumba kisicho na dirisha chenye harufu ya jasho la misimu kadhaa. Nilipita kumsalimia bwana anayetunza vifaa. Akanipa helmeti nishike wakati anatafuta funguo zake, na salamu zikaishia hapo.

Kwanza, igeuze juu chini. Watu wakipewa helmeti huangalia rangi, nembo ya timu na zile nondo za usoni. Wewe igeuze, ingiza vidole ndani. Mahali ambapo helmeti za zamani zilikuwa na sponji nene iliyobana kichwa kila upande, hapa utakuta vikombe vidogo vya plastiki laini, vitupu ndani, vimepangwa kwa tabaka mbili zinazotazamana. Bonyeza kimoja kwa kidole gumba: kinanywea. Kiachie: kinarudi palepale, papo hapo, bila kovu. Kazi ya vikombe hivyo ni kumeza nguvu ya mgongano, na wanaoijua kazi hiyo wameshaisifia vya kutosha. Kilichonipagawisha mimi ni nafasi zilizo kati yao. Hewa inapita! Niliweka kiganja upande wa ndani, nikapuliza kwa mdomo kupitia tundu la juu ya utosi, na pumzi yangu nikaipata kiganjani. Nikapuliza tena, nikaipata tena. Bwana wa vifaa alikuwa ameshapata funguo na ananisubiri nimalize.

Aliyewahi kukaa nyuma ya bodaboda saa saba mchana, amevaa ile helmeti ya abiria inayopita kichwa hadi kichwa, anajua vizuri ninachokisema. Sasa mzidishie mtu huyo mabega ya plastiki, pedi za mapaja na za magoti, jezi inayobana na soksi ndefu, halafu mwambie akimbie, asukumane na watu wenye kilo 130, asimame, arudie tena, kwa saa mbili, kwenye nyasi za plastiki zilizokaangwa na jua tangu asubuhi. Mwaka 2010 Lawrence Armstrong na wenzake wa University of Connecticut waliwapima wanaume waliofanya kazi nzito kwenye joto wakiwa na mavazi kamili ya mchezo huu. Walichokuta ni kwamba ndani ya vazi lile mwili hutengeneza joto jingi kuliko unavyoweza kulitoa. Kila dakika joto la ndani linapanda, na kunywa maji peke yake hakulirudishi chini.

Kichwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ngozi yote ya mwili. Ni kidogo, sawa, lakini kimejaa damu, kinatoka jasho kwa wingi, na ndicho kilichofungiwa chombo cha kilo mbili hivi. Ukikipa hewa, umefungua mlango uliokuwa umepigwa misumari.

Na hewa hiyo iliwahi kuwepo! John T. Riddell alipoleta helmeti ya plastiki mwaka 1939, ndani aliweka mikanda ya kitambaa iliyokishikilia kichwa mbali na gamba. Kati ya nywele na plastiki kulikuwa na nafasi. Wazo lilikuwa zuri kiasi kwamba jeshi la Marekani lililitumia kwenye kofia za chuma za askari wake. Baadaye, mgongano ulipoanza kuchukuliwa kwa uzito unaostahili, sponji na mifuko ya kujazwa hewa vikachukua nafasi ya mikanda. Kichwa kikapata ulinzi zaidi na kikakosa pumzi. Kwa miongo kadhaa ilionekana lazima uchague kimoja. Halafu wakaja hawa wa vikombe. Wakaja pia Vicis wa Seattle, ambao mwaka 2017 walitoa Zero1 yenye safu ya nguzo ndogondogo zinazojipinda zikigongwa, na kati ya nguzo na nguzo pana nafasi. Ilianza kuuzwa dola 1,500, bei ya kushtua kwa kofia, na bado nashangilia kila mhandisi aliyekataa kuambiwa kwamba usalama wa ubongo na upoaji wa kichwa haviwezi kukaa chumba kimoja.

Sasa twende kwenye kitu cha pili nilichokutana nacho siku hiyo, maana hiki ndicho kinachotangazwa kwa jina la teknolojia ya kupoza. Ni kofia laini ya kuvaliwa benchini, helmeti ikiwa imevuliwa, yenye vifuko vya kemikali inayoyeyuka kwenye joto la kati. Barafu huyeyuka sifuri. Hii hutengenezwa iyeyuke kwenye nyuzi 15, au 21, au 28, kadiri ya mahitaji, kwa hiyo haichomi ngozi kama barafu tupu. Inapoyeyuka inameza joto, na wakati wote huo haipandi nyuzi zake. Nimeivaa. Raha yake siwezi kuipunguza kwa maneno! Paji la uso linatulia, macho yanafunguka, shingo inaacha kupiga. Unajisikia mtu mpya.

Nikarudi nyumbani nikachukua karatasi na kalamu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga.

Chukua gramu 200 za kemikali ya aina hiyo. Kilo moja ikiyeyuka yote humeza takriban kilojuli 200, kwa hiyo kifuko chetu kina uwezo wa kilojuli 40. Mchezaji mkubwa anayejituma kwa nguvu zote hutoa joto la karibu wati 1,000, yaani kilojuli moja kila sekunde. Gawanya. Sekunde 40! Kofia yote ile tamu, ikifanya kazi bila kupoteza hata chembe, imebeba joto la sekunde 40 za jitihada.

Halafu pima jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilojuli 2,400 hivi. Kwa hiyo kama matundu ya helmeti yatasaidia mililita 100 tu zaidi zikauke katika mazoezi yote, yamekwisha kuondoa kilojuli 240, mara sita ya kifuko. Bila betri, bila friji, bila mtu wa kukumbuka kukigandisha usiku. Niliipitia hesabu hii tena na tena kwa kutoamini. Tundu linaishinda kemikali! Hewa inaushinda ubaridi! Ndiyo maana nasema anayenunua helmeti aanze kwa kupuliza, ndipo aulize habari za vifuko.

Lakini jasho linapoza likikauka tu. Likidondoka chini limepotea bure, na hewa iliyoshiba unyevu hailikaushi. Mtu wa Tanga au Mombasa hahitaji kufundishwa hilo. Na hapa Georgia asubuhi za Agosti ndizo zenye unyevu mzito kuliko mchana wake. Andrew Grundstein na wenzake wa University of Georgia walichambua vifo 58 vya wachezaji wa futiboli vilivyotokana na joto Marekani kati ya 1980 na 2009. Vingi vilitokea Agosti, na zaidi ya nusu vilianzia kwenye mazoezi ya asubuhi, saa ambazo makocha walidhani wanawahurumia vijana kwa kuliwahi jua. Wengi wa waliokufa walikuwa wale vijana wakubwa wa mstari wa mbele, wenye miili minene, ambao joto lao lina safari ndefu kufika kwenye ngozi.

Kwa hiyo nikikusifia kofia ya benchini, naisifia kwa raha yake, na raha si kitu kidogo kwa kijana aliyechoka. Nampigia kelele yeyote atakayeitumia kama ruhusa ya kurudi uwanjani. Uso ni sehemu inayohisi joto na baridi kwa ukali kuliko karibu sehemu nyingine yoyote. Ukiupoza, ubongo unapewa taarifa njema wakati damu ya ndani bado inachemka. Kijana atasema "niko sawa kocha", na atakuwa anasema kweli kwa anavyojisikia. Pia usivichomeke vifuko ndani ya helmeti yenyewe kwa ubunifu wako. Kiwango cha NOCSAE, ambacho helmeti hizi hupimwa kwacho tangu 1973, huipima helmeti kama ilivyotoka kiwandani. Ukiongeza kitu katikati ya kichwa na pedi, umepata kofia ambayo hakuna aliyeipima.

Unataka ubaridi unaofika ndani? Shika mkono. Simaanishi mithali, namaanisha kiganja! Craig Heller na Dennis Grahn wa Stanford wametumia miaka mingi kwenye jambo ambalo nikilieleza watu hunitazama kwa mashaka. Viganja, nyayo na sehemu za uso zisizoota nywele zina mishipa ya pekee inayounganisha ateri na vena moja kwa moja, bila kupitia vimishipa vile vyembamba. Mwili ukipata joto mishipa hiyo hufunguka na damu hupita kwa kasi kubwa. Ukipitisha maji ya baridi ya wastani chini ya kiganja, damu iliyopoa inarudi moyoni na kusambazwa. Siri ni neno wastani. Maji yakiwa ya barafu, mishipa inajifunga kwa woga na kila kitu kinasimama. Mwaka 2012 Stanford walieleza jinsi mfanyakazi mmoja wa maabara yao, aliyekuwa akijivuta kwenye bomba mara 180 kwa kikao kimoja, alivyofika zaidi ya mara 620 ndani ya wiki sita, akipoza viganja katikati ya seti. Timu ya San Francisco 49ers ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kukitumia kifaa cha kupozea viganja pembeni mwa uwanja. Mchezaji anakaa benchini, helmeti miguuni, mkono ndani ya kifaa, na kocha anaendelea kumchorea mbinu. Nani asingependa?

Na kuna kidonge! Kinaitwa CorTemp, kina ukubwa wa kidonge cha vitamini, ndani kina kipimajoto na kirusha mawimbi. Unakimeza, kinasafiri tumboni, na mtu aliye pembeni na kipokezi chake anasoma joto lako la ndani bila kukugusa. NASA walihusika kukibuni. John Glenn alikimeza aliporudi angani mwaka 1998 akiwa na miaka 77. Timu za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli hii, zikaanza kuwapa wachezaji wao wakubwa, hasa baada ya msiba wa Korey Stringer.

Stringer alikuwa mchezaji wa mstari wa mbele wa Minnesota Vikings, kijana wa miaka 27, mwili wa zaidi ya kilo 150, mtu aliyependwa na wenzake. Alizidiwa kwenye mazoezi ya Mankato, Minnesota, tarehe 31 Julai 2001, na usiku wa kuamkia siku ya pili akafariki. Joto lake lilikuwa limepita nyuzi 42. Minnesota, wala si Texas! Hakuna jimbo lililo kaskazini kiasi cha kusalimika. Mkewe, Kelci, alisimama na kuligeuza jina la mumewe kuwa kazi. Korey Stringer Institute, iliyoanzishwa 2010 University of Connecticut chini ya Douglas Casa, ndiyo leo inayowafundisha makocha na waganga wa michezo kote Marekani nini cha kufanya dakika ile kijana anapoanza kuyumba.

Na jibu lao ni beseni.

Nisikilize vizuri, maana shauku yangu yote ya vikombe na viganja na vidonge inaishia kwenye beseni la plastiki la kunyweshea ng'ombe, linalouzwa kwenye duka la vifaa vya shamba. Lijaze maji na barafu, liwe tayari kabla mazoezi hayajaanza. Kijana akianguka, akiwa haeleweki anachosema, joto lake la ndani likipimwa kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa na kukutwa limefika nyuzi 40 au zaidi, mvue vazi lote linalovulika haraka, mtumbukize hadi shingoni, yakoroge maji yasitulie. Poza kwanza, ndipo umpeleke hospitali. Anatolewa joto likishuka hadi karibu nyuzi 39, na lengo ni lishuke ndani ya nusu saa.

Rudi kwenye karatasi yangu. Mwili wa kilo 100 ukitaka kushuka nyuzi tatu, lazima upoteze takriban kilojuli 1,050. Hivyo ni vifuko vyetu 26 vya kofia, vyote vikifanya kazi bila dosari. Beseni la lita 300 linameza joto hilo lote na maji yake hayajapanda hata nyuzi moja. Unaona ukubwa wa nguvu hiyo? Kwenye mbio za Falmouth, Massachusetts, ambako wakimbiaji huanguka kwa kiharusi cha joto karibu kila Agosti, watu 274 walitibiwa kwa kutumbukizwa hivyo katika miaka 18 ya mbio. Walipona wote. Mia kwa mia! Katika vifaa vyote vya michezo nilivyowahi kuviandikia, sijui kingine chenye rekodi kama hiyo.

Jordan McNair hakutumbukizwa. Alikuwa na miaka 19, mchezaji wa futiboli wa University of Maryland, alizidiwa kwenye mazoezi ya kukimbia tarehe 29 Mei 2018 na kufariki Juni 13. Uchunguzi ulioagizwa na chuo chenyewe ulieleza kwamba hakupimwa joto ipasavyo wala kuwekwa kwenye maji baridi, na rais wa chuo akakiri hadharani kwamba wanabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili. Wazazi wake wamezunguka nchi nzima tangu hapo wakidai mabeseni viwanjani. Kila nikiona beseni limejaa maji pembeni mwa uwanja wa shule, nawashukuru wao.

Georgia, nilipo mimi, ilikuwa na vifo vingi kuliko jimbo lolote katika ule uchambuzi wa Grundstein. Mwaka 2012 chama cha michezo cha shule za sekondari kikaweka sheria ambayo naipenda kwa moyo wangu wote, kwa sababu inaigusa helmeti yenyewe. Wanatumia kipimo kinachochanganya joto la hewa, unyevu na ukali wa jua, kilichobuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya makuruta wa kikosi cha Marine cha Marekani pale Parris Island. Kipimo kikifika takriban nyuzi 30.6, mazoezi yasizidi saa mbili na mchezaji avae helmeti, mabega na kaptura tu. Kikifika 32.2, mazoezi ni saa moja na vifaa vyote vya kujikinga vinavuliwa, helmeti ikiwemo. Kikipita 33.3, hakuna mtu kutoka nje. Kifaa kinachoyapima haya kinaenea mkononi. Nimekishika, kina kijidude cheusi cha mviringo juu kinachonasa jua, na nilikizungusha uwanja mzima nikisoma namba kivulini, juani, juu ya nyasi halisi na juu ya nyasi za plastiki.

Clarkston, mji mdogo hapa kando ya Atlanta, una familia nyingi zilizotoka Kongo, na Kiswahili utakisikia dukani, kanisani na kituo cha basi. Mama mmoja wa Bukavu, ambaye mwanawe ameandikishwa futiboli mwaka huu, aliniuliza: "Ndugu, hii kofia inamulinda mutoto ao inamuongezea moto?" Nikamjibu vyote viwili, mama, na ndiyo sababu uende kwenye kikao cha wazazi. Waulize beseni liko wapi, na nani atalijaza. Waulize nani anapima hewa. Uliza kama siku mbili za mwanzo ni helmeti tu bila mabega, kama vyuo vilivyolazimishwa kufanya tangu 2003, ili mwili uzoee joto taratibu. Helmeti ukiishika, ipulize.

Nina dai moja kwa watengenezaji na wapimaji, na nalitoa kwa mapenzi. Tangu 2011 Virginia Tech wanazipa helmeti nyota kwa jinsi zinavyopunguza mgongano, na nyota zile zimelibadilisha soko zima: mzazi anazitazama, shule inazitazama, kiwanda kinazikimbilia. Za joto hakuna hata moja! Na vifaa vya kupimia vipo. Maabara ya Empa kule St. Gallen, Uswisi, imekuwa ikitumia kichwa bandia kinachopashwa joto na kutoa jasho kupima helmeti za baiskeli zinavyopitisha hewa. Kivisheni kichwa hicho F7. Kivisheni Zero1 na zile zinazotoka mwaka huu, kiwekeni kwenye hewa yenye unyevu wa Georgia saa mbili asubuhi, pimeni wati zinazotoka kwenye kila moja, mchapishe namba hizo kwenye boksi karibu na nyota za mgongano. Siku boksi la kwanza la namna hiyo litakapofika dukani nitakuwa mlangoni kabla hawajafungua.